Malindi Mbili na Mkondo Usioguswa

Sehemu ya mvua ya milima ya Usambara hushuka upande wa magharibi na kuingia Mto Mkomazi. Sehemu nyingine hupitia bonde la Luengera, lile linalotenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Mito yote miwili huishia katika Mto Pangani, ambao tayari umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru, na kutoka Korogwe mto huo unateremka kwa maporomoko kuelekea Bahari ya Hindi. Katika maporomoko hayo ndipo ulipoanzia umeme mkubwa wa maji wa Tanganyika. Mwaka 1931 iliundwa kampuni binafsi iliyoitwa Tanganyika Electric Supply Company, ambayo jina lake fupi, TANESCO, tunalo mpaka leo, na katika miaka hiyo ya 1930 ikajenga kituo cha Pangani Falls ili kuupatia umeme mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Baada ya Uhuru kikafuata kituo cha Hale, mwaka 1964, chenye mashine mbili za megawati 10.5 kila moja zilizowekwa chini ya ardhi. Katikati ya miaka ya 1990 kikakamilika kituo kipya cha Pangani Falls cha megawati 68, kwa msaada wa Norway, Sweden na Finland.

Umeme wa Hale husafiri kwenye nyaya zenye msukumo wa volti 132,000. Njia mojawapo inapita tambarare chini ya milima ya Usambara kwenda Same na Moshi. Mashine zote mbili zikizalisha kwa ukamilifu wake na umeme wote ukapelekwa kwenye njia moja, kila waya kati ya nyaya tatu ungebeba takriban ampea 92. Mhandisi wa zamu lazima aijue hesabu hiyo kila dakika, maana waya ukizidiwa hupata joto, hulegea, na mwisho hukatika au kuunguza transfoma. Lakini ataipataje? Kuugusa waya ule ni kifo, na hata kuusogelea karibu mno ni hatari, kwa sababu umeme wa msukumo mkubwa huruka hewani. Kuukata ili kipimo kiunganishwe katikati ni kulitia giza eneo zima.

Jibu lilianzia Denmark, miaka 144 kabla ya Hale.

Hans Christian Ørsted alizaliwa mwaka 1777 katika kisiwa cha Langeland, mtoto wa muuza dawa, na akawa profesa wa fizikia Copenhagen. Alikuwa akiamini kwa muda mrefu kwamba umeme na sumaku zina undugu, ingawa wataalamu wengi wa wakati wake waliona ni vitu viwili visivyohusiana. Majira ya kuchipua ya mwaka 1820, akiwa mbele ya wanafunzi wake, aliupitisha mkondo kutoka kwenye betri ndani ya waya mwembamba wa platini, na chini ya waya akaweka dira. Mshale wa dira ukacheza. Ulicheza kidogo tu, kiasi kwamba waliohudhuria hawakushtuka. Ørsted naye hakukimbilia kutangaza. Alisubiri mpaka Julai, akatengeneza betri yenye nguvu zaidi, akarudia majaribio mbele ya mashahidi, na tarehe 21 Julai 1820 akatoa kijitabu cha kurasa nne kwa Kilatini na kukisambaza kwa wataalamu wa Ulaya.

Katika kurasa hizo kuna jambo ambalo kwa historia yetu ni kubwa kuliko kucheza kwenyewe kwa mshale. Ørsted aliweka vitu mbalimbali kati ya waya na dira: kioo, mbao, metali za aina aina, maji, vyombo vya udongo, mawe. Mshale uliendelea kugeuka kana kwamba hakuna kilichozuia njia. Aliona pia kwamba waya ukiwa juu ya dira mshale unaelekea upande mmoja, na ukiwa chini yake unaelekea upande wa pili, akahitimisha kwamba nguvu ile inauzunguka waya kwa duara. Hapo hapo, bila yeye kukusudia, akawa amewapa binadamu njia ya kuujua mkondo bila kuugusa. Waya ukiviringishiwa mpira au plastiki, usumaku unapenya. Ukifichwa ndani ya ukuta, usumaku unatoka.

Dira yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliitumia karne nyingi kabla ya Ørsted, na Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliandika juu yake katika vitabu vyake vya ubaharia. Chombo kilekile kilichokuwa kikiongoza majahazi kati ya Uarabuni na pwani ya Waswahili ndicho kilichofichua siri ya umeme.

Habari zilienda mbio. Septemba mwaka huohuo André-Marie Ampère alikwishaanza kuwaonyesha wenzake Paris jinsi nyaya mbili zenye mkondo zinavyovutana na kusukumana. Ujerumani, Johann Schweigger aliuzungusha waya mara nyingi kuizunguka dira ili nguvu ndogo ikuzwe. Mwaka ulipoisha, kanuni yenyewe ilikuwa imeshika sura: usumaku unaouzunguka waya mnyoofu huongezeka kadiri mkondo unavyoongezeka, na hupungua kadiri unavyokwenda mbali na waya. Kwa vipimo vya leo, ampea moja kwa umbali wa sentimita moja hutoa usumaku wa mikrotesla 20. Usumaku wa dunia yenyewe, hapa kwetu Usambara na pwani ya Tanga, ni mikrotesla 30 na ushee. Kwa hiyo anayetaka kuupima mkondo mdogo kwa mbali anashindana na dunia nzima, na kwa miaka mia moja na zaidi mafundi walihangaika na shida hiyo moja: namna ya kukisikia kinong'ono cha waya katikati ya sauti ya dunia.

Hatua kubwa ya kwanza ilikuwa pete ya chuma. Tarehe 29 Agosti 1831 Michael Faraday, jijini London, alizungusha nyaya mbili zisizogusana juu ya pete moja ya chuma. Alipoufungulia umeme waya wa kwanza, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ilishtuka kisha ikatulia. Alipouzima, ikashtuka tena kwa upande mwingine. Chuma kilikuwa kimeukusanya usumaku na kuupeleka ng'ambo, na usumaku unaobadilika ukazaa umeme mahali ambapo hapakuwa na waya uliounganishwa. Umeme wetu wa majumbani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo usumaku wake haukai kimya hata kidogo, na pete ya Faraday inaufaa kabisa.

Hivyo ndivyo mkondo wa Hale unavyosomwa. Waya mkuu unapita katikati ya pete ya chuma iliyofungiwa ndani ya nguzo ya kaure, na juu ya pete hiyo kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ampea nyingi za waya mkuu hugeuka kuwa ampea moja au tano tu kwenye ule mwembamba, ndizo zinazoshuka hadi chumba cha udhibiti na kusogeza mshale wa kipimo mbele ya mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Transfoma hii ya kupimia ina sharti moja ambalo kila fundi wa kituo huonywa siku ya kwanza: waya wake mwembamba usiachwe wazi wakati waya mkuu una mkondo. Ukiachwa wazi, msukumo hupanda ghafla hadi kiwango cha kuua.

Ndugu wa transfoma hiyo alikuwa ndani ya nyumba zetu. Wenye umri wanaikumbuka mita ya zamani yenye sahani ya alumini iliyokuwa ikizunguka nyuma ya kioo, polepole usiku taa moja ikiwaka, kwa kasi pasi inapochomekwa. Sahani ile haikuunganishwa na waya wowote. Ilisukumwa na usumaku wa koili mbili tu, kwa namna ambayo Otto Bláthy wa kiwanda cha Ganz, Budapest, aliijenga mwaka 1889. Mita za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilizoanza kuingia Tanzania miaka ya 1990 zikaiondoa taratibu.

Hata hivyo, transfoma ya kituoni imejengwa mahali pamoja, haisogei. Fundi wa kawaida alihitaji kitu cha kubeba mkononi. Miaka ya 1930 viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikiuza pete ya chuma iliyokatwa ikawa kama taya la koleo: unalibana linafunguka, unaliingiza kwenye waya, unaliachia linafunga. Mafundi wetu wanakiita chombo hicho klampu mita. Naiona kuwa mojawapo ya zana zilizookoa maisha mengi zaidi katika kazi ya umeme, ingawa hakuna anayeiwekea sherehe.

Twende Malindi ya Lushoto, kata iliyo juu milimani, kwenye barabara itokayo Lushoto mjini kupita Lukozi kwenda Mtae. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimezidi kusogea vijijini kote nchini. Chukua mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 7.5 katika kijiji chochote cha huko. Siku hiyo inanguruma vibaya na mota inatoa harufu ya kuungua. Fundi hafungui chochote. Anaingiza taya kwenye waya wa kwanza, anasoma 15. Wa pili, 15 na kidogo. Wa tatu, 4. Mahindi yakiwa bado yanamiminika kwenye kinu, amekwishajua kwamba laini moja imelegea mahali fulani, na mota inalazimishwa kufanya kazi na nyaya mbili. Anamwambia mwenye mashine azime haraka. Bila chombo kile angelazimika kukata nyaya moja moja, mkono wake ukiwa karibu na volti 400.

Klampu hiyo ya pete ina udhaifu mmoja, nao unatokana na ugunduzi uleule wa Faraday: pete husikia usumaku unaobadilika tu. Mkondo mnyoofu, ule wa betri na wa paneli za jua, usumaku wake umetulia, na pete haisikii kitu. Kwa mkondo huo ilibidi apatikane mtu mwingine.

Mtu huyo ni Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, hajatimiza hata miaka 24. Alikuwa akisoma kitabu kikubwa cha James Clerk Maxwell, akakuta Maxwell ameandika kwamba sumaku husukuma waya wenyewe, si umeme unaopita ndani yake. Hall hakuridhika. Mwalimu wake, Henry Rowland, alikuwa ameshajaribu kulichunguza jambo hilo asione kitu. Hall alibandika karatasi nyembamba mno ya dhahabu juu ya kioo, akapitisha mkondo kwa urefu wake, akaiweka katikati ya sumaku yenye nguvu, na tarehe 28 Oktoba 1879 akaona msukumo mdogo wa umeme ukijitokeza kwenye pande mbili za karatasi, kukatiza njia ya mkondo. Sumaku ilikuwa imeusogeza umeme wenyewe upande mmoja wa dhahabu. Elektroni yenyewe haikutambuliwa mpaka mwaka 1897, lakini kijana huyu alikwishaishika mkono miaka 18 kabla.

Mwaka huohuo, 1879, waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden kuja Unguja na kuendelea hadi Afrika Kusini. Kwa mara ya kwanza habari ya Unguja iliweza kufika London siku hiyohiyo badala ya kungoja meli. Mkondo uliofika mwisho wa waya mrefu kama huo ulikuwa dhaifu sana, na vyombo vya kuusoma, vilivyobuniwa na William Thomson, vilitegemea sumaku na koili ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi. Kwa hiyo umeme wa simu hiyo ulisomwa katika visiwa vyetu kwa usumaku, miaka mingi kabla Pangani haijafungwa mashine.

Ugunduzi wa Hall ulikaa karibu miaka 70 bila kazi kubwa, kwa sababu dhahabu na metali nyingine hutoa msukumo mdogo mno. Miaka ya 1950, nusu-vipitishi kama indiamu antimonaidi vilipoanza kutengenezwa, ndipo kipande kidogo kuliko punje ya mtama kikaweza kusikia usumaku uliotulia. Kikatiwa kwenye ufa mwembamba wa pete ya chuma, na klampu ikaanza kusoma mkondo mnyoofu. Leo vipande hivyo viko ndani ya magari, na hata kishikio cha kuongezea kasi cha pikipiki ya umeme hutumia kimojawapo kujua dereva amezungusha mkono kiasi gani.

Sura kubwa kuliko zote ya historia hii katika Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, iliandikwa kwenye Malindi nyingine, ile ya pwani ya Kenya.

Baharini karibu na Ras Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, Waitaliano chini ya uongozi wa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma liitwalo San Marco, la kurushia satelaiti. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ni nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Aprili 1967 satelaiti ya kwanza ilipaa kutoka hapo, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha uhuru wake, ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru, ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Watu wengi wanaikumbuka Uhuru. Wachache wanaikumbuka Explorer 45 ya Marekani, iliyopaa kutoka jukwaa hilohilo tarehe 15 Novemba 1971 ikiwa na uzito wa kilo 52.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza mkondo wa umeme usio na waya. Dunia imezungukwa, juu ya ikweta yake, na pete ya chembe zenye chaji. Protoni huizunguka kuelekea magharibi na elektroni kuelekea mashariki, na kwa pamoja hufanya mkondo mmoja mkubwa unaokwenda magharibi. Jua likitupa dhoruba, mkondo huo hupanda hadi mamilioni ya ampea, na usumaku wake huupunguza ule wa dunia kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo vya sumaku hapa chini. Wataalamu walikuwa wakiuona upungufu huo kwa miaka mingi, lakini kuingia ndani ya pete yenyewe ilikuwa jambo jingine. Hakuna klampu ya kuizungushia dunia. Njia iliyopo ni ya Ørsted: kupeleka kisikizi cha sumaku karibu na mkondo na kuangalia usumaku unavyobadilika.

Explorer 45 iliingia kwenye njia iliyokaribia kulala juu ya ikweta, ikipanda hadi karibu kilomita 27,000 na kushuka tena, ikiikata pete ile kila mzunguko. Miongoni mwa vyombo vyake kulikuwa na kisikizi cha sumaku cha aina iliyobuniwa miaka ya 1930. Ndani yake mna kiini cha aloi kinachosukumwa na umeme kushiba usumaku upande mmoja kisha upande wa pili, mara maelfu kwa sekunde. Usumaku wa nje ukiwepo, hata uwe mdogo namna gani, kushiba kwa pande mbili hakulingani tena, na tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Kisikizi cha namna hii husikia usumaku uliotulia, jambo ambalo pete ya Faraday haiwezi. Vilevile kulikuwa na vyombo vya kuhesabu protoni na elektroni. Mwezi mmoja baada ya kurushwa, katikati ya Desemba 1971, ilitokea dhoruba kubwa ya sumaku na satelaiti ilikuwa kazini. Vipimo vya siku zile vilitumika miaka mingi kueleza jinsi mkondo wa pete unavyojazwa na unavyopungua. Satelaiti ilizimwa mwaka 1974, ikaanguka na kuteketea angani mwaka 1992.

Hayo si mambo ya mbali na nguzo za umeme. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliingiza mikondo isiyotakiwa kwenye nyaya ndefu za Quebec, Kanada, gridi ikaanguka kwa chini ya dakika mbili, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa. Kisikizi cha sumaku kilichopaa kutoka maji ya Ngomeni na kile kilicho ndani ya klampu ya fundi wa Usambara vinafanya kazi moja.

Na fundi wa Usambara leo anaihitaji kazi hiyo kuliko zamani. Nyumba nyingi za milimani zina paneli za jua, na hapa ndipo watu wanapoteza fedha. Anayenunua klampu ya bei nafuu inayosoma mkondo geu peke yake, ule unaobadili mwelekeo, ataizungushia waya wa paneli jua likiwa la mchana, itasoma sifuri, naye atamwambia mwenye nyumba kwamba paneli imekufa. Paneli ni nzima. Tazama alama kabla ya kununua: A yenye kiwimbi ni ya mkondo geu peke yake, na A yenye mstari ulionyooka juu ya vistari vifupi ndiyo ya mkondo mnyoofu, ile yenye kipande cha Hall. Kabla ya kuitumia, ishike karibu na waya bila kuuingiza kisha bonyeza kitufe cha sifuri, ili usumaku wa dunia na ule uliobaki kwenye chuma chake uondolewe.

Izungushie waya mmoja tu. Ukiweka laini na nyutro pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana na utasoma sifuri hata mzigo uwe mkubwa. Usiposoma sifuri hapo, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini, nao utafutwe siku hiyohiyo, hasa kwenye pampu za umwagiliaji ambako watu hukanyaga maji.

Neno la mwisho ni kwa kijana anayeanza kazi hii. Klampu husoma mkondo, haisomi msukumo. Waya usio na mzigo hauna usumaku, kwa hiyo kipimo kitakuonyesha sifuri wakati volti 230 bado zimo ndani yake. Zima swichi kuu, pima volti kwa kipimo cha volti, hakikisha, ndipo ushike.